“Baba, si Tumeshinda?”

Kwa baba mmoja wa Ilula, wilayani Kilolo, mkulima wa nyanya na Yanga damu, ushindi uliomtesa kuliko kipigo ni ule wa Algiers, Jumamosi ya Juni 3, 2023. Ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mechi ya marudiano. Djuma Shaban alifunga kwa penalti dakika ya 7. Baada ya hapo, kwa macho yake, mpira mzuri uliisha, ikabaki kubutua na kuomba filimbi. USM Alger nao walipata penalti, Djigui Diarra akaiokoa. Mpira ukaisha 1-0.

Mwanawe wa darasa la nne, aliyeruhusiwa kukesha, alirukaruka mpaka alipoona wapinzani ndio wanaobeba kombe.

“Baba, si tumeshinda?”

Baba hakumwambia kwamba wameonewa. Alifungua daftari la hesabu, akaandika: Mei 28, Dar es Salaam, tulifungwa 2-1. Jumla 2-2. Wao wamefunga mawili ugenini, sisi moja. Kwa kanuni ya mabao ya ugenini, kombe ni lao.

Mtoto alilia. Baba akamwacha alie, kisha akasema, “Mchumo wa kwanza ukioza, wa pili hata ukiwa mzuri, deni la mbolea linaweza kubaki. Lakini huachi kuchuma.”

Mzazi, ni rahisi kumpa mtoto mtu wa kumlaumu. Mpe hesabu. Itamuuma usiku mmoja, lakini itamfaa miaka mingi.