Mji Uliowakatalia Costa, Ila Sisi Kodi Ikatushinda

Leo siongelei staa yeyote wala nani kamwacha nani. Leo naongelea nyumba, tulieni kidogo.

Wanaonifuata siku nyingi wanajua niko Uingereza, huku Devon, kusini magharibi. Nilikuja na mama nikiwa na miaka 12, nikamaliza sekondari hapa hapa, na shule ikaishia hapo. Mji wenyewe unaitwa Totnes, mji mdogo wa soko, watu kama elfu 9 tu. Mtaa wa maduka ni mlima mtupu: chini mto Dart, katikati unapita chini ya tao lenye saa, juu kuna ngome ya kale. Ijumaa na Jumamosi ndo siku za gulio. Kiangazi Jumanne watu wanauza vitu wamevaa nguo za enzi za Malkia Elizabeth wa kwanza. Mara ya kwanza nilidhani wanashuti muvi.

Watu wa huku wanaupenda mji wao hadi basi. Mwaka 2012 Costa, wale wa kahawa, walitaka kufungua duka. Watu wakagoma, zikakusanywa sahihi zaidi ya elfu 5, kwa sababu mji tayari ulikuwa na sehemu kama 40 za kunywea kahawa, nyingi za watu wa hapo hapo. Costa wakaondoka zao. Tena kuanzia 2007 mpaka 2019 walikuwa na noti zao wenyewe, paundi ya Totnes, ili hela izunguke mjini.

Mimi nafanya kazi kwenye mojawapo ya hivyo vimgahawa. Kabla ya zamu nilikuwa napiga picha mtaani na kupost. Kuna moja ya ukungu wa asubuhi ilisambaa balaa. Dada mmoja wa London akanifuata inboksi, eti picha zangu zimemfanya aje kuangalia nyumba. Nikajiona kama nimepewa tuzo.

Mwaka jana mwenye nyumba wetu akatupa notisi ya miezi miwili, anauza. Hakuwa mtu mbaya, kila Krismasi mama alikuwa anampelekea maandazi. Bei imepanda, naye kazeeka, anataka hela yake. Walionunua ni mtu na mkewe kutoka London (sio yule dada, msianze). Wanakuja likizo. Siku nyingine zote ukipita usiku, giza.

Tukatafuta nyingine. Tulikuwa tunalipa paundi 950 kwa mwezi, tukaambiwa 1,400 kwa nyumba ndogo zaidi. Mama anahudumia wazee majumbani, analipwa paundi 12 na kitu kwa saa. Kununua ndo usiseme. Mwaka 1997 nyumba ya kawaida England iligharimu kama mara tatu na nusu ya mshahara wa mwaka. Mwaka 2024 ilikaribia mara 8, na huku kwenye miji mizuri ni zaidi ya hapo.

Sasa tunaishi Paignton, tunapanda basi. Kuna bibi mmoja wa miaka 80 na kitu, mama alikuwa anamuamsha na kumuogesha saa 12 na nusu asubuhi, kwa sababu tulikaa mtaa wa pili. Yeye ndo alinihadithia ile vita ya Costa, na yeye alisaini. Basi la kwanza haliwahi huo muda, kwa hiyo mama kaiacha ile zamu. Bibi anabadilishiwa watu kila wiki, wengine wanafika saa 4, yeye bado kitandani. Hata kaka anayeuza mboga gulioni siku hizi anatokea mbali.

Sio kwa ubaya, wageni wanaleta hela. Bosi wangu ananiambia bila wao angeshafunga. Na tangu Aprili 2025 halmashauri za England zinaruhusiwa kutoza kodi mara mbili kwenye nyumba za likizo. Poa, lakini mwenye nyumba mbili ataishindwa kweli?

Kinachoniuma ni kwamba duka la kahawa walilikataa kwa sababu walilijua. Hili la nyumba halina bango, linaingia moja moja, na mimi na picha zangu nimelikaribisha.

Jana kwenye basi kulikuwa na jua zuri juu ya mto. Nikatoa simu. Mama akaangalia saa, akasema, "Mwanangu, bibi sijui kama ameshapata chai." Nikairudisha mfukoni.

Haya wadau, kwenu vipi? Mtaa ukishapendeza, nani anahama? Shusheni komenti hapo chini, nazisoma zote.