Mkono wa Kulia

Nilianza kuuguza watoto wenye ugonjwa wa moyo wakati wengi wao wakipelekwa India kwa upasuaji. Upasuaji ulipoanza kufanyika hapa nchini, nilihamishiwa ICU, na humo ndimo nilimozeekea.

Nisiyemsahau ni mtoto wa miaka mitatu. Alizaliwa na kasoro ya moyo iitwayo Tetralojia ya Fallot: akicheza kidogo anachuchumaa, midomo inageuka bluu. Damu ya watoto hawa huwa nzito, kwa kuwa mwili hutengeneza chembe nyekundu nyingi mno ili kufidia oksijeni inayopungua, na damu nzito ni rahisi kuganda. Siku ile ratiba ilichelewa. Mtoto alikaa na kiu tangu usiku hadi saa nane mchana, bila dripu.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Oksijeni ilipanda, midomo ikawa myekundu, tukapongezana. Asubuhi mama yake akaniita.

“Sista, mwanangu ni wa mkono wa kulia. Mbona anashika kila kitu kwa kushoto?”

Nikamjibu, “Dawa ya usingizi bado haijamtoka, mama. Subiri.”

Saa mbili baadaye degedege lilianza pembeni mwa mdomo. Picha ya CT ilionyesha kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Huenda ni kiu ile. Huenda ni kiputo cha hewa au bonge la damu lililotoka kwenye moyo au kwenye mashine ya moyo na mapafu. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hatukuthubutu kumpa, kifua kilikuwa na kidonda kibichi. Tulizuia degedege na homa, tukalinda presha na sukari, tukaanza mazoezi ya viungo.

Tangu hapo, kabla ya upasuaji namuuliza mzazi mtoto anakula kwa mkono upi, naandika juu ya faili. Baada ya upasuaji, kila saa napima mboni na mikono yote miwili. Maji nayo mtoto anaruhusiwa hadi saa mbili kabla ya dawa ya usingizi. Ratiba ikisogea, namfuata daktari aagize dripu.

Mtoto yule anatembea, na anaandika kwa mkono wa kushoto. Mama unayekaa kando ya kitanda kama kile, ukiona mkono mmoja umelala, sema. Ukijibiwa ni usingizi, sema tena.