Kucha, Meno na Dawa Moja



Hapa Bukavu saloni za kucha zimeongezeka, na wengi wetu tumeshaweka vidole chini ya ile taa ndogo. Taa hiyo ni ndugu ya taa ya muganga wa meno. Yeye akiziba jino anaweka rezini laini yenye rangi ya jino, anaimulika kwa mwanga wa bluu, nayo inakuwa ngumu. Rezini ya namna hiyo ilianzishwa na Rafael Bowen wa Marekani, karibu na mwaka 1962.

Lakini taa haimalizi kazi yote. Tuseme kama tunavyoeleza darasani: chembe za rezini ni kama watoto walioambiwa washikane mikono. Wengi wanashikana, wengine wanabaki peke yao, na hao wanatoka polepole, zaidi katika siku za kwanza. Mmoja wao anaitwa HEMA. Akiingia katika seli hai anamaliza glutathioni, ile akiba ambayo seli inajilinda nayo. Akiba ikipungua, seli inadhoofika, hata kufa. Hayo yameonekana katika maabara. Mdomoni kiasi ni kidogo, mate yanasafisha, na unene wa jino lenyewe unakinga mshipa. Basi mtoto mwenye jino bovu apelekwe bila woga. Kuoza ndiko hatari zaidi.

Taabu yetu iko mikononi. HEMA hiyohiyo imo katika jeli nyingi za kucha. Inapenya glavu za kawaida kwa dakika chache, na ngozi ikishapata alerji haisahau. Mwenzetu mmoja wa chama, anayelisha watoto wanne kwa kazi hiyo, vidole vyake vimepasuka. Sasa jino linamuuma, na muganga alipoona vidole aliacha rezini, akaziba kwa simenti isiyo na HEMA.

Ulaya iliamua mwaka 2020 kwamba jeli zenye HEMA zitumiwe na wafundi tu, na onyo liandikwe. Sokoni kwetu nani anasoma chupa? Hatuwezi kumwambia dada aache kazi inayolipa ada ya shule. Tumemwambia jeli isiguse ngozi, yake wala ya mteja, na taa iachwe mpaka muda wake uishe. Jumamosi tutakaa naye tena, maana anafundisha wasichana wawili, na mmoja ameanza kujikuna.