Mtoto Aliyejificha Kwenye Kiitikio

Maisaka, Babati
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Baba yako mdogo bado analalamikia goti, na mbaazi mwaka huu zimeshika vizuri, tumshukuru Mungu. Ujumbe wako wa simu niliusoma mara mbili. Umekabidhiwa darasa la mafunzo rekebishi, watoto wa la tatu na la nne wasiojua kusoma, pamoja na boksi la kadi za sauti na kitabu cha mwongozo kilichoandikwa kwa Kiingereza. Unauliza uanzie wapi. Jibu lake ni refu kwa kidole gumba, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Anza kwa kuwanyamazisha. Madarasa yetu ni kwaya. Mwalimu anaandika silabi ubaoni, anagusa kwa fimbo, na darasa zima linaitikia ba be bi bo bu mpaka mabati yanatetemeka. Mtoto asiyejua herufi hata moja anafungua mdomo nukta moja nyuma ya wenzake, na hakuna wa kumgundua. Anapanda hivyo hivyo mpaka la nne. Kuna kijana wa jirani hapa, yuko la tatu, huja barazani kwangu jioni na wenzake. Alinisomea ukurasa mzima bila kukosea, kidole kinatembea chini ya mistari kama cha msomi. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja la katikati. Kimya. Akarudi juu ya ukurasa, akaanza kuimba upya ili alifikie lile neno, na kidole kikafika mstari wa pili wakati mdomo uko wa nne. Alikuwa ameukariri ukurasa wote kwa kuwasikia wenzake. Ana akili nzuri tu huyo, kwani mjinga hawezi kukariri ukurasa.

Kwa hiyo mwite mmoja mmoja, pembeni, chini ya mti ikiwezekana, wengine wakiwa na kazi ya kuandika. Mwonyeshe herufi akuambie inavyosikika. Kisha mpe mbili aziunganishe. Kisha mpe maneno ambayo hayapo duniani: tavu, zope, lemi. Atacheka, na wewe cheka naye, lakini msikilize kwa makini, maana neno lisilo na maana halikaririki wala halibahatishwi kwa kutazama picha. Anayesoma "zope" anajua kusoma. Anayekwama, utaona amekwama wapi: ama hajui sauti ya z, ama anazijua zote lakini haziungi. Hayo ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake. Waandike kwenye daftari kwa mahali walipokwama, na usijali nani ni wa la tatu nani wa la nne. Watafiti wa Uwezo, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 2010 wakiwapima watoto, walitumia jaribio la kiwango cha darasa la pili kwa wote, na wengi wa madarasa ya juu wakaanguka. Darasa alilomo mtoto halikuambii anachojua.

Sasa hilo boksi. Usilidharau. Wakati naanza kazi, enzi za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, tuliingia darasani wengine tukiwa tumemaliza la saba tu, na mbinu tuliyokuwa nayo ni kuitikia na kukariri. Ilichukua muda mrefu nchi kukubali kwamba haitoshi. Mwaka 2013 walipimwa watoto wa darasa la pili nchi nzima, na waliosoma kwa ufasaha na kuelewa walichosoma hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Ndipo mwaka 2015 mtaala wa la kwanza na la pili ukapunguzwa ukabaki KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na sauti ya herufi ikatangulia jina la herufi. Halafu 2016 elimu bila ada ikaanza, watoto wakamiminika, na mbinu inayotaka mwalimu amsikilize mtoto mmoja mmoja ikakutana na watoto mia kwenye chumba kimoja. Mradi wa Tusome Pamoja ulikwenda Iringa, Morogoro, Mtwara, Ruvuma na Zanzibar. Manyara tuliusikia redioni.

Sauti kwanza, nasema, na sababu utaiona siku ya kwanza. Mtoto aliyefundishwa kwamba herufi hii inaitwa "be", ukimwambia aiunganishe na a, atakujibu "bea". Hajakosea, kafanya ulichomwambia. Mfundishe inavyosikika midomo ikiachana, bila irabu mkiani. Ndiyo maana nakushauri usianze na b kabisa, hata kama ndiyo inayotangulia kwenye boksi. B, d, k, p na t hukatika mara moja, huwezi kuzishikilia. Anza na zile zinazovutika: mmmm, ssss, llll, nnnn. Mtoto anavuta mmmm bila kukata pumzi anaingia kwenye a, na "ma" inatoka yenyewe. Ukimwachia apumue katikati, ataipoteza. Ukiwa na m, n, s, l pamoja na a, i, u, sauti saba tu, tayari anaweza kusoma "mama analima" na "mama alisimama". Sentensi nzima, wiki ya kwanza! Mtoto aliyeitwa zuzu miaka mitatu akisoma sentensi nzima peke yake, kesho yake atawahi shule kabla yako.

Usifuate mpangilio wa kile kitabu cha Kiingereza. Wenzetu wana herufi 26 za kubeba sauti zaidi ya arobaini, na herufi moja inabadilika kila ikihama jirani, hivyo wanalazimika kupita njia ndefu. Irabu zetu ni tano na hazigeuki. A ya Magugu ndiyo a ya Mombasa. Chukua kadi, chukua michezo, chukua ule utaratibu wa kurudia kila siku, mpangilio uache boksini.

Lakini Kiswahili nacho kina mitego yake, na kwaya ya ba be bi bo bu haiigusi. Mtoto anamaliza ma me mi mo mu vizuri, anafungua kitabu, neno la kwanza ni "mtoto". M imesimama peke yake, haina irabu. Anaganda, au anasoma "mutoto". La pili ni "mwalimu". La tatu ni "mbwa". Hapo ndipo wengi wa la tatu wanapofia, na walimu wanasema "huyu alikuwa anasoma, sijui kapatwa na nini". Hajapatwa na kitu, hakufundishwa hilo. Litengee wiki zake: m ya "mtu" peke yake, kisha mw, mb, nd, ng, nj, halafu mbw na ngw. Ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe ziweke siku mbalimbali. Dh, gh na th zisubiri, maneno yake ni machache na hayamzuii mtu kusoma.

Kila siku dakika ishirini, na usikubali mwalimu mkuu akubadilishie iwe saa mbili za Ijumaa. Kila sauti mpya wape imla papo hapo, wewe sema wao waandike, maana mkono haujui kudanganya. Kadi zikichakaa kata maboksi ya sabuni.

Umesema mjumbe mmoja wa kamati ya shule anataka muombe vishikwambi vyenye programu ya kusomesha. Mwambie habari ya Tanga. Kati ya 2017 na 2019 kulikuwa na shindano la XPRIZE: watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, zaidi ya tisa kati ya kumi wakiwa hawawezi kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 hao wasioweza neno hata moja walipungua kwa nusu. Washindi, Onebillion ya Uingereza na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukaa mbele ya mwalimu, hilo ni jambo kubwa, silipuuzi hata kidogo. Ila nusu ya pili ilibaki palepale na mashine mikononi. Darasa lako limejaa watoto wa hiyo nusu ya pili. Vikija vishikwambi vipokee, na daftari lako la majina usiliweke kando.

Jambo jingine, na hili boksi halitakuambia. Watoto wako wengine nyumbani wanaongea Kiiraqw, Kimbugwe, Kirangi. Yupo atakayekusomea "kikapu" sauti kwa sauti, sawasawa kabisa, ukimuuliza ni nini anatazama dari. Ameshasoma, kilichobaki ni lugha, na dawa yake ni mazungumzo. Kabla ya kusoma leteni kikapu chenyewe, mkiseme, mkibebe. Na mtoto anayesema "kurara" nyumbani akisoma "kurara" penye "kulala", usimwekee kosa la kusoma. Ulimi utanyooka baadaye. Wale wanaosoma polepole sana nao uwasogeze, maana mtoto anayefika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake hawezi kuelewa. Kipimo kilichowekwa kwa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika. Wako hawatafika mwaka huu, basi warudie aya moja waliyoiweza mpaka itiririke.

Waangalie na macho na masikio. Simama nyuma ya kila mmoja, mwite kwa sauti ya chini. Yupo mmoja au wawili ambao shida yao ni ya hospitali.

Usiwaite kwa jina la darasa lao mbele ya wadogo, na usimkalishe mvulana wa miaka kumi na miwili katikati ya watoto wa la kwanza ajifunze nao a na i. Sauti ni zilezile, mahali pa kukaa pawe pengine. Mpe kazi ya kukata kadi, atajifunza akikata. Fimbo iache ofisini. Mtoto anayeogopa hubahatisha haraka ili akuridhishe, na kubahatisha ndiko unakotaka kumtoa.

Mpunga ukianza kukomaa utawapoteza wote, wataitwa shambani kufukuza kweleakwelea. Ongea na wazazi mapema, kabla ndege hawajafika, ukubaliane nao asubuhi iwe yako na jioni iwe ya mpunga. Ukingoja mpaka mavuno utagombana nao bure, na hawana makosa, chakula ni chakula.

Nimempa kondakta wa Coaster ya asubuhi mfuko wa salfeti wenye kadi zangu za mw, mb na ngw pamoja na debe la mbaazi. Kadi tumia, mbaazi kula, mfuko nirudishie kwa huyohuyo kondakta. Na daftari ukishalijaza nipigie picha ukurasa wa waliokwama kwenye kuunganisha, tuwaangalie pamoja.

Shangazi yako