Biashara ya Jina la Kukodi

Sisi watu wa Kolwezi tumezoea kuuza na kununua vitu vinavyoonekana: gunia la mahindi, kitenge, simenti, na hasa lile jiwe jeusi la kobalti ambalo limeufanya mji wetu ujulikane duniani kote. Lakini siku hizi viko vitu vingine viuzwavyo ambavyo huwezi kuvitia katika gunia. Kimojawapo ni jina. Mtu mwenye kampuni yenye sifa hukuambia: “Nipe fedha, nami nitakuruhusu uandike jina langu juu ya mlango wako, ufanye kazi niifanyayo mimi, kwa kanuni zangu, nawe utakula faida.” Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya biashara hiyo, maana imebisha hodi katika jamaa yetu, na yaweza kesho kubisha hodi kwenu.

Yafaa tuseme mapema kwamba biashara ya namna hii si wizi. Huko Marekani imeenea sana, hata katika kazi ya kuwajazia watu karatasi za kodi ya Serikali. Mwaka 1955 ndugu wawili, Henry na Richard Bloch, walianzisha kampuni ya kazi hiyo katika mji wa Kansas City, wakaiita H&R Block. Ikafanikiwa, na baadaye watu wengine wakauziwa haki ya kufungua ofisi zenye jina hilo katika miji mingine. Makampuni mengine yakafuata njia ile ile. Mwenye kununua hulipa kiingilio; kisha hutoa fungu la mapato yake kwa mwenye jina, na mara nyingi fungu jingine la kulipia matangazo. Nyumba ya kazi huipanga mwenyewe, makarani huwaajiri mwenyewe, na akipata hasara huibeba mwenyewe. Wako waliotajirika kwa njia hiyo, na wako waliofilisika.

Basi, mpwa wetu ni kijana wa Kasulo. Alisoma uhasibu, na kwa miaka kadhaa ameandika hesabu katika depo moja la madini. Siku moja akatuletea karatasi za ofisi fulani ya mbali, ambayo hatuitaji jina, inayowaandalia wafanyabiashara hesabu zao za kodi. Ofisi hiyo ilitaka dola 6,000, nayo ingempa jina lake, programu ya kompyuta, na mafundisho ya juma moja. Fedha hizo hakuwa nazo. Ila mama yake, yaani dada yetu mkubwa, anacho kiwanja kimoja alichoachiwa na marehemu mumewe, na mnunuzi wa kiwanja alikwisha kupatikana.

“Mjomba,” akatuambia, “mama amekubali. Twangoja neno lako tu.”

Neno hilo halikuwa jepesi kulitoa, kwa kuwa twajua kiwanja kile kilivyopatikana. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa hiari, katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, nao wakapewa fedha kwa mara moja. Shemeji yetu alikuwa mmoja wao. Watu wa rika lake waliobaki hapa Kolwezi wanakumbuka jinsi fedha ile ilivyokwenda: huyu alinunua gari la abiria likafa barabarani, yule alifungua duka likaliwa na madeni ya majirani. Walikuwa watu hodari katika kazi yao ya mgodi na ya karakana, lakini biashara ilikuwa kazi ngeni kwao. Shemeji yetu alinunua kiwanja. Ndiyo mali yote iliyobaki ya miaka yake ya kazi.

Tukaketi na mpwa wetu jioni tatu, tukazisoma karatasi zile neno kwa neno. Tuliyoyaona twayaandika hapa, maana yanafaa kwa kila mtu aombwaye fedha ya namna hii.

Jambo la kwanza ni fungu la mwenye jina. Karatasi zilisema kwamba yeye atachukua 20 kwa mia. Kijana alidhani ni 20 kwa mia ya faida. Sivyo. Ilikuwa 20 kwa mia ya mapato yote, kabla ya kutoa gharama hata moja. Tukachukua penseli. Tuseme ofisi imeingiza dola 1,000 kwa mwezi. Mwenye jina huchukua 200. Kodi ya nyumba, mshahara wa karani, umeme, intaneti na nauli ni dola 600. Zimebaki 200 za kijana. Vema. Sasa tuseme mwezi ni mbaya, ofisi imeingiza dola 600 tu. Mwenye jina huchukua 120. Gharama ni zile zile 600, maana mwenye nyumba hapunguzi kodi kwa sababu wateja hawakuja. Basi kijana amepata hasara ya dola 120, na mwezi ule ule mwenye jina amepata dola 120 za kumtosha. Mpwa wetu, ingawa ni mhasibu, alinyamaza kitambo.

Jambo la pili ni wateja. Biashara hii imefuata mfano wa Marekani, na kule karibu kila mtu afanyaye kazi hupaswa kupeleka mwenyewe hesabu ya mapato yake ya mwaka. Ndiyo maana ofisi hizo hupata watu wengi kati ya Januari na Aprili. Kwetu Kongo mambo ni mengine. Mfanyakazi wa mshahara hukatwa kodi na mwajiri wake. Mama auzaye nyanya hulipa ushuru wa soko mkononi. Wanaobaki ni wenye makampuni na maduka makubwa, ambao hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, ile TVA ya 16 kwa mia iliyoanza Januari 2012, na ambao hupaswa kupeleka hesabu yake kila mwezi kabla ya tarehe 15 kupita. Hao wanahitaji msaada kweli. Lakini wengi wao wana wahasibu wao. Tukamwuliza kijana: “Wataje kumi watakaokuja kwako mwezi wa kwanza.” Akawataja wanne.

Jambo la tatu ni lawama. Hesabu ya kodi ikikosewa, ni nani atakayejibu? Karatasi zilisema kwamba kila kosa ni la mwenye ofisi ndogo, wala si la mwenye jina. Tena kazi ya uhasibu ina sheria yake. Tangu mwaka 2015 nchi yetu ina chama rasmi cha wahasibu wataalamu, yaani ONEC, nayo yataka mtu ajue kwanza ni kazi zipi ziruhusiwazo kwa kila daraja. Jina lililokodiwa halimpi mtu elimu wala ruhusa ambayo hana.

Jambo la nne ni kutoka. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Na mtu akitoka, asifanye kazi ya namna ile katika Kolwezi kwa muda wa miaka miwili. Maana yake ni kwamba kijana aliyeingia akiwa na ufundi wake mwenyewe angetoka akiwa amekatazwa kuutumia katika mji aliozaliwa.

Watu wa Kasulo hatupaswi kuambiwa na mgeni maana ya kufanya kazi katika mlango wa mwingine. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba zetu, na watu wakachimba uani, hata sebuleni. Wengi hawakuwa na fedha ya kuchimbia. Mwenye kutoa gharama alileta chakula, kamba na koleo, na wachimbaji wakatoa mikono yao. Madini yalipopatikana, gharama zilikatwa kwanza, kisha fungu la mwenye kiwanja na la mwenye fedha, na mwisho wachimbaji wakagawana kilichosalia. Shimo lilipotoka tupu, miezi yao ilipotea.

Mwaka 2017 Serikali ya jimbo la Lualaba iliwahamisha wakazi wa sehemu moja ya mtaa wetu. Sehemu hiyo ikazungushiwa ukuta, na haki ya kununua madini yake ikapewa kampuni moja tu, Congo Dongfang Mining, iliyo tawi la kampuni ya Huayou ya Uchina. Ndipo wengi walipojifunza jinsi mambo yanavyokuwa mahali penye mnunuzi mmoja. Mchimbaji wa mikono hana mshahara, bali huuza kwa uzani na kwa kipimo cha ile mashine iitwayo metoreksi. Mapema mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilifika zaidi ya dola 90,000 katika soko la dunia. Katikati ya mwaka 2019 ilikuwa chini ya dola 30,000. Tena Februari 2025 Serikali ya Kongo ilisimamisha kupeleka kobalti nchi za nje, na zuio lile lilidumu hadi Oktoba mwaka huo, kisha kikawekwa kiasi maalumu kwa kila kampuni. Jasho la mchimbaji halikupungua siku hata moja. Bei na ruhusa ndizo zilizobadilika, nazo hazikuwa mikononi mwake.

Tulimwambia mpwa wetu: “Wewe unatoka katika depo ambako umeona haya kila siku. Je, wataka kulipa dola 6,000 ili uwe mchimbaji wa karatasi?”

Akajibu kwa adabu, lakini kwa nguvu: “Mjomba, nikiandika jina langu mlangoni, nani atanijua? Mwenye kampuni hampi mtoto wa Kasulo vitabu vyake vya hesabu. Jina kubwa huaminiwa.”

Neno lake lina kweli, nasi hatukulidharau. Kijana wa mtaa wetu hupita mlango mwembamba ambapo wengine hupita lango pana. Lakini jina kubwa nalo laweza kuanguka, likaanguka juu ya wote walio chini yake. Huko Marekani palikuwa na kampuni iitwayo Instant Tax Service, iliyojihesabu kuwa ya nne kwa ukubwa katika kazi ya kuandaa kodi, nayo ilikuwa imewauzia watu ofisi katika miji mingi. Mwaka 2012 Serikali iliishtaki kwa udanganyifu, na mnamo Novemba 2013 hakimu wa mahakama ya Serikali kuu katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, aliamuru ifungwe kabisa. Mtu aliyetoa akiba yake kununua jina lile alibaki na jina ambalo hakuna tena aliyetaka kuliona mlangoni.

Kwa sababu ya hatari hizo, sheria ya Marekani humlazimu mwenye kuuza jina ampe mnunuzi maelezo ya biashara yake siku 14 kabla ya kutia sahihi au kulipa chochote. Ndani yake huandikwa gharama zote, kesi zilizompata muuzaji, na habari za watu waliomo na waliotoka. Hata pale ambapo hakuna anayemlazimisha muuzaji, hakuna anayemkataza mnunuzi kuuliza. Wazee walikwisha kutuonya tusinunue mbuzi ndani ya gunia.

Basi tulimshauri mpwa wetu aandike barua ya maswali matatu. Ni nani waliokwisha kununua jina hili, nasi twaweza kuzungumza nao? Ni wangapi wametoka, na kwa nini? Mwenye jina atachukua nini katika mwezi ambao ofisi haikupata faida? Jibu lilikuja upesi. Halikugusa hata swali moja. Lilisema tu kwamba kiingilio kitapanda bei mwisho wa mwezi, na kwamba nafasi ya Kolwezi ni moja. Dada yetu alipoelezwa jibu hilo, yeye asiyejua kusoma Kifaransa, alisema: “Mwenye mali njema hamharakishi mnunuzi.” Akamwita yule aliyetaka kiwanja, akamwambia hakiuzwi.

Mpwa wetu angali katika kazi yake ya depo. Jioni huwaandikia daftari wenye maduka watano wa Kasulo, kwa malipo madogo, na juu ya daftari hizo pameandikwa jina lake mwenyewe. Hatusemi kwamba ametajirika. Wakati mwingine hutuambia kwamba pengine aliiacha bahati ipite, nasi hatuwezi kumwapia kwamba sivyo. Ila watu hao watano wanamjua, na mmoja amemletea wa sita.

Wazazi wenzetu, na ninyi vijana mnaosoma uhasibu na biashara, mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la kwanza ni lile uliandikalo kabla ya kutoa fedha. Andika humo mwezi mbaya, si mwezi mzuri tu. Andika ni nani atakayelia hasara ikija, na ni nani atakayelipwa hata hivyo. Watafute waliotoka, maana waliomo bado wanatumaini. Na fedha ikiwa ni ya kiwanja cha mama, jihadharini mara mbili, kwa kuwa mama mwenye mtoto ampendaye hutia kidole chake cha gumba katika wino bila kuuliza.