Vichekesho Mwananyamala: Ukumbini, Kwenye Runinga na Kwenye Simu

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkazi wa Mwananyamala, Dar es Salaam, aliyetaka kumwona mchekeshaji wa Kiswahili alikwenda ukumbini. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa nayo, na redio ilileta sauti tu.

Vikundi vya sanaa vilizunguka kumbi na baa za jiji. Vilivyotamba zaidi ni Muungano cha Norbert Chenga, na Tanzania One Theatre (TOT), kilichoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba. Kwa kiingilio kimoja mtu aliona ngoma, sarakasi, kichekesho, mchezo wa kuigiza na taarabu. Kichekesho hakikuwa na maandishi. Waigizaji walikubaliana kisa, tuseme mshamba aliyeingia mjini au mlevi anayerudi kwa mkewe usiku wa manane, kisha maneno wakayatunga papo hapo. Watazamaji nao walidakia, wakazomea, wakainuka kwenda kutunza. Palipochekesha paliongezwa chumvi, palipopoa pakakatishwa. Kwa hiyo kisa kile kile hakikufanana usiku wa leo na wa kesho.

Mwaka 1994 kituo cha ITV kilipoanza kurusha matangazo, seti zilikuwa chache, na watu walijazana sebuleni kwa jirani, wengine wakichungulia dirishani. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000. Lakini kundi lililobadilisha mambo hasa ni Ze Comedy, lililoibuka kwenye kituo cha EATV katikati ya muongo huo na kuhamia TBC1 mwaka 2008 kwa jina la Ze Orijino Komedi. Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanwa, Mac Regan na Vengu wakawa watu wa kila nyumba. Kamera iliusogeza uso wa Joti karibu kuliko kiti chochote cha mbele ukumbini, na kurekodi kuliwawezesha kubadili mavazi na kuigiza hata taarifa ya habari. Watoto na wazee wasiokanyaga baa waliona kila kitu bure, na kesho yake misemo ya kipindi ilisikika vijiweni na ndani ya daladala.

Hata hivyo, kicheko cha sebuleni hakimfikii mchekeshaji. Kipindi kimesharekodiwa, muda wake umepimwa na matangazo ya biashara, na lugha imechujwa kwa kuwa mtoto na babu wanatazama pamoja. Mzaha ukidoda, mwigizaji hana habari. Mchekeshaji King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, yeye alitoka jukwaani akaingia kwenye filamu akiwa tayari amezoea kupima watu, na ndiyo maana hata mbele ya kamera alionekana kama anayejibizana na umati.

Mtindo wa mtu mmoja na kipaza sauti ulikuja baadaye. Churchill Show ya Daniel Ndambuki, kutoka Kenya, ilirekodiwa mbele ya watu, hivyo mtazamaji wa runinga aliona mchekeshaji pamoja na wanaocheka. Dar es Salaam, Cheka Tu ya Coy Mzungu iliwapa vijana jukwaa la namna hiyo. Hapa hakuna vazi la kujifichia wala mwenzako wa kukuokoa: watu wakinyamaza, umekwama peke yako.

Visa vya wachekeshaji hao vingi ni vya uswahilini: kodi ya chumba, foleni ya maji, mama mwenye nyumba. Lakini ukumbi umehama kutoka mitaani. Tiketi na nauli ya kurudi usiku ni gharama kwa wengi, hivyo Mwananyamala huvitazama kwenye simu, vikiwa vimekatwa vipande vya dakika chache. Huchaguliwa vile vilivyochekesha. Vilivyododa hubaki ukumbini. Anayetaka kujua ufundi wa mchekeshaji akamwone jukwaani, maana huko ndiko anakoonekana pia akikosea na kujinasua.