Tatizo Pesa, Bila "Ni"

Leo naomba niandike juu ya singeli, muziki ambao wazazi wengi hawapendi kuusikia ukitajwa darasani.

Wapenzi wa dramu na besi ya Uingereza huona mapigo 170 kwa dakika ni kasi ya kutosha. Singeli ya Dar es Salaam huanzia kama 200, na nyingine hukaribia 300. Ilizaliwa uswahilini, sehemu kama Manzese na Tandale, kutokana na mchiriku na taarabu iliyoongezwa kasi, ikachezwa kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani zinazokesha mpaka asubuhi. Mtayarishaji hukaa na kompyuta yake, na MC hushika kipaza sauti akamwaga maneno bila kupumua.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, kazi za Sisso Studios ya Mburahati. Mwaka 2018 zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Poaa ya Bamba Pana, na mwaka 2019 Uingizaji Hewa ya Duke. Jina la lebo lenyewe ni mtihani. Kwa Kiluganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza. Kwa Kiswahili ni neno lisilosemwa mbele ya mama. Mimi humwambia mama, "Ni lebo ya Uganda," nikaishia hapo.

Kwa hiyo singeli ina matoleo ya aina mbili. La kwanza ni la mtaani: wimbo unarushwa kutoka simu hadi simu, unajazwa kwenye memori kadi, unapigwa kwenye bodaboda na harusini. Halina jalada wala tarehe. La pili ni la lebo: kaseti, santuri na faili za kununua, vitu vinavyofika Ulaya na Marekani kwa watu wanaokusanya muziki wa majaribio. Mimi naishi Burnsville, na toleo langu ni la faili. Nalisikiliza kwenye gari asubuhi, nikivuka mto Minnesota kwa barabara ya 35W kwenda chuoni.

Rafiki yangu mmoja Mmarekani ana santuri. Anaijua vizuri kuliko mimi: ngoma inaingia wapi, kinanda kinakatika wapi. Lakini siku moja aliniuliza Tatizo Pesa maana yake nini. Kwake yalikuwa majina mazuri tu ya kigeni.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuyaangalie majina hayo. Darasani tungeandika "Tatizo ni pesa." Mtaani "ni" imeangushwa, na sentensi imepata uzito zaidi, kama mtu anayenyoosha kidole. Uingizaji hewa ni neno la mafundi ujenzi: ingia, ingiza, uingizaji, sarufi yote ya mnyambuliko iko pale kwenye jalada. Na Poaa yenye a mbili ni jibu la salamu lililovutwa, jinsi linavyosikika kijiweni.

Mama yangu amekulia Temeke. Nilipompigia singeli mara ya kwanza alikuwa anajiandaa kwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Akaniambia, "Mwanangu, huo muziki wa vigodoro umekufikaje huku?" Nikamsomea jina la albamu. Akacheka, kisha akanyamaza. "Hilo mbona nalisikia kila mwisho wa mwezi," akasema, "simu ikilia tu kutoka nyumbani." Akavaa koti lake akaenda kazini.

Tangu siku hiyo sioni tena kwamba toleo bora ni lile lenye sauti safi zaidi. Santuri imehifadhi mapigo, na nashukuru, maana nyimbo nyingi za memori kadi hupotea na simu iliyoibiwa. Lakini mapigo bila maneno ni nusu ya kazi. MC anapokimbia kwa kasi ile, mimi hushika labda neno moja kati ya manne. Mama hushika mengi zaidi, hata kama anajifanya hasikilizi.

Kwa hiyo nina ombi kwa klabu yetu. Tuchague nyimbo chache zenye MC, tukae na wazazi wetu, tuandike maneno neno kwa neno, pamoja na yale yasiyomo kwenye kamusi. Walimu watusahihishe. Hilo litakuwa toleo jingine, la karatasi, na nadhani sisi ndio tunaofaa kulitoa: tuna Kiswahili cha darasani, na nyumbani tuna watu wanaojua kile kingine.